Barua ya wazi kwa wakuu wa shule za sheria: tupeni siku mbili, meza na karatasi

Kwa wakuu wa vitivo na shule za sheria, na kwa wajumbe wa mabaraza yanayosimamia elimu ya sheria Tanzania, Kenya na Uganda.

Waheshimiwa,

Sisi tunaofundisha uandishi wa kisheria tuna ombi moja kwenu: mkutano wa kanda wa siku mbili kila mwaka, wa walimu wa somo hili peke yao, ambao kazi yake itakuwa kusahihisha karatasi za wanafunzi kwa pamoja na kutunga mazoezi. Hatuombi kongamano. Makongamano ya sheria tunayo ya kutosha, na mwendo wake unajulikana. Itifaki ikizingatiwa, saa nzima imekwisha. Mgeni rasmi anasoma hotuba aliyoandikiwa, mada tatu zinabanwa kabla ya chakula cha mchana, kisha inapigwa picha ya pamoja. Mwalimu anarudi chuoni na kabrasha na fulana, anakuta rundo lake la karatasi liko palepale, na bado hajui mwenzake wa chuo jirani angempa alama ngapi mwanafunzi yuleyule kwa hati ileile.

Suala la alama si dogo. Mwaka 2022 matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania yalizua mjadala wa kitaifa: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, na watu wakanyoosheana vidole: vyuo vikuu, wanafunzi, taasisi yenyewe. Sisi tunauliza jambo la chini zaidi. Kabla mwanafunzi hajafika kwenye mtihani ule, au wa Kenya School of Law, au wa Law Development Centre ya Kampala, ni mara ngapi aliandika hati kamili, akarudishiwa ikiwa na maoni ya mwalimu pembeni, kisha akaiandika upya?

Jibu liko kwenye hesabu. Chukueni darasa la wanafunzi 200. Hati ya kurasa nne, ikisomwa kwa makini na kuandikiwa maoni, haipungui dakika 25. Hizo ni dakika 5,000, yaani zaidi ya saa 83 kwa zoezi moja. Mazoezi matatu kwa muhula ni saa 250. Kwenye jedwali la mzigo wa kazi somo hilo mara nyingi huandikwa saa mbili kwa wiki, jumla saa 30 kwa muhula wa wiki 15, na usahihishaji hauhesabiwi kabisa. Mwalimu afanye nini? Anatoa zoezi moja badala ya matatu. Anaandika alama bila maoni. Au, na hili ndilo baya kuliko yote, anauliza "Eleza sifa za hati nzuri ya madai", na mwanafunzi anaandika insha safi kuhusu hati ya madai bila kuandika hati ya madai hata moja. Anafaulu. Miaka miwili baadaye anapewa faili na kuambiwa aandae hati, anatoa macho.

Marekani walilivalia njuga suala hili mapema. Walimu wa somo hili wana chama chao, Legal Writing Institute, tangu 1984, na masharti ya ithibati ya chama cha wanasheria wa nchi hiyo yanataka kila mwanafunzi apate zoezi la uandishi mwaka wa kwanza na jingine angalau moja baadaye, yote chini ya usimamizi wa mwalimu. Mbali na mkutano mkubwa wa kitaifa, wana mikutano ya kanda ambayo kitivo kimoja huwapokea wengine katika madarasa yake kwa siku moja au mbili, na mwalimu mchanga hupewa nafasi ya kueleza zoezi alilolijaribu. Mtindo huo wa kupokeana unatufaa. Mbinu zao nyingine hazitufai, maana zimetungwa kwa madarasa madogo. Kukaa na mwanafunzi mmoja mmoja kwa nusu saa juu ya rasimu yake ni jambo zuri, lakini kwa wanafunzi 200 ni saa 100. Vikundi vya watano kwa dakika 40 vinashuka hadi kama saa 27, na hilo mtu analiweza, mradi wote watano wawe wameandika hati moja na wapewe rasimu za wenzao siku mbili kabla. Bila hizo siku mbili wanakaa kimya, wanamsubiri mwalimu azungumze.

Mtauliza kwa nini kanda, wakati kila nchi ina sheria zake. Ni kwa sababu kanuni za mashauri ya madai za nchi hizi tatu zimechipuka kwenye shina moja, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya India ya mwaka 1908, kisha kila moja ikaota tawi lake. Tanzania Bara na Uganda bado zinaweka kanuni za jumla za hati za mashauri kwenye Amri ya 6 na hati ya madai kwenye Amri ya 7. Kenya, tangu Kanuni za 2010, imezihamishia Amri ya 2 na ya 4. Tofauti za maana ziko ndani. Tanzania hati ya madai inamalizika kwa aya ya uthibitisho, ambamo mdai anataja aya anazozijua mwenyewe na zile alizoambiwa akaziamini. Kenya inataka kiapo cha kuthibitisha, orodha ya mashahidi, maelezo yao yaliyosainiwa na nakala za nyaraka, vyote pamoja na hati ya madai siku ya kufungua shauri. Uganda inataka muhtasari wa ushahidi, orodha ya mashahidi, orodha ya nyaraka na orodha ya mamlaka za kisheria.

Mwalimu akiziweka tatu hizi mezani kwa pamoja, anaona mara moja udhaifu wa darasa lake. Mwanafunzi wa Kenya hulazimika kujiuliza mapema nani atathibitisha nini. Wa Tanzania hunakili uthibitisho wa kurithi, "yote yaliyoelezwa katika aya ya 1 hadi ya 18 ni kweli kwa ufahamu wangu", na kati ya aya hizo 18 nne ni hoja za sheria na mbili ni maneno ya jirani. Dawa yake ni jedwali la safu nne linaloandikwa kabla ya hati: jambo la hakika, nani aliliona, waraka gani unalionyesha, na namba ya aya litakapokaa. Jambo lisilo na shahidi wala waraka haliingii kwenye hati mpaka limepatiwa kimoja. Jedwali hili halina nchi, linafanya kazi Kisumu kama linavyofanya kazi Mwanza. Mazoezi ya aina hii ndiyo tunayotaka kubadilishana.

Sasa mkutano wenyewe. Siku ya kwanza yote iwe ya kusahihisha, na kwa mwaka wa kwanza tunapendekeza hati moja tu: kiapo cha kuunga mkono maombi ya kuongezewa muda. Ni fupi, kurasa mbili zinatosha, na makosa yake yanahesabika. Kiapo ni ushahidi, kwa hiyo hakitakiwi kubeba hoja za sheria, maombi, wala hitimisho. Jambo hili lilikwisha amuliwa Uganda mwaka 1966 katika shauri la Matovu na hadi leo linatajwa mahakamani Tanzania. Taarifa iliyotoka kwa mtu mwingine lazima itaje mtu huyo. Mwishoni, mbele ya kamishna wa viapo, lazima pawe na mahali na tarehe ya kuapa, kama inavyotaka Sura ya 12 ya sheria za Tanzania. Tena, kwa kuwa ni maombi ya muda, kila siku ya kuchelewa itolewe maelezo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema katika shauri la Bushiri Hassan kwamba hata siku moja haiachwi hewani. Hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka. Huandika "nilikuwa mgonjwa" na kuambatisha cheti cha hospitali cha siku sita, huku ucheleweshaji ni wa siku 41. Hizo 35 zilizobaki zilikwenda wapi? Mwanafunzi afundishwe kuchora kalenda kwanza, kila siku na kilichotokea, ndipo aandike aya.

Kazi iende hivi. Wiki sita kabla ya mkutano kila chuo kinatuma viapo vitatu vya wanafunzi, kimoja kizuri, kimoja cha kati, kimoja kibovu. Vichapwe upya, visipigwe picha. Mwandiko unamtambulisha mtu, na namba ya usajili iliyosahaulika kwenye kona inamtambulisha zaidi. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, Kenya na Uganda tangu 2019, kwa hiyo ridhaa ya mwanafunzi iwe ya maandishi na jina lisivuke lango la chuo. Waandaaji wanachagua viapo sita kati ya vyote vilivyofika.

Asubuhi kila mwalimu anasahihisha vinne vya kwanza peke yake, dakika 20 kila kimoja, bila kuzungumza na mtu. Alama anaziandika kwenye kikaratasi kisicho na jina na kukitumbukiza kwenye boksi. Tunasisitiza boksi kwa sababu tunazijua desturi zetu. Profesa akisema kwa sauti "hii ni kumi na mbili", mhadhiri msaidizi aliyeandika sita ataifuta haraka, na tumepoteza kile tulichokuja kukitafuta. Alama zote zinaandikwa ubaoni, ya chini na ya juu kwa kila kiapo. Kinachojadiliwa ni kile kimoja chenye pengo kubwa kuliko vingine. Vingine viachwe, maana mkijadili vyote vinne mtafika saa kumi jioni hamjakubaliana hata kimoja.

Pengo likitokea, sababu huwa hazizidi tatu. Mwalimu mmoja anakata alama kwa kila kosa la lugha, mwingine anakata mara moja kwa kosa linalojirudia. Mmoja anampa sifuri mwanafunzi aliyesahau tarehe ya kuapa kwa kuwa kiapo hicho kingetupwa, mwingine anakata alama moja kwa kuwa, tangu marekebisho ya sheria ya Tanzania ya 2018 yalipoweka lengo la kutenda haki bila kufungwa mno na ufundi wa kisheria, mahakama wakati mwingine huruhusu kurekebisha. Na wa tatu anasoma hadithi: ikiwa ya kugusa moyo, alama zinapanda. Dawa ni mwongozo wa alama unaosema wazi. Tunapendekeza kuanzia alama 20: mambo ya hakika na mpangilio wa siku 8, lugha 5, umbo la hati na kiapo mbele ya kamishna 4, chanzo cha kila taarifa 3. Pembeni iwepo orodha fupi ya makosa yanayoua hati, ambayo mwanafunzi akilifanya mojawapo hawezi kuvuka 8 hata hati ikiwa tamu vipi. Orodha hiyo kila nchi iandike yake, kwa kuwa mahakama zake hazilingani kwa ukali.

Mchana mwongozo ukishakubaliwa, wote wanasahihisha viapo viwili vilivyobaki. Pengo likipungua, mwongozo unafanya kazi. Lisipopungua, kosa liko kwenye mwongozo wala siyo kwa walimu: kipengele kimoja kimebeba mambo mawili, kigawanywe. Gharama ya siku hiyo ni ndogo. Walimu 45, viapo sita vya kurasa mbili, ukichapa pande zote mbili ni karatasi 270. Rimu moja inatosha na inabaki ya miongozo.

Siku ya pili asubuhi ni ya kutunga faili la shauri la kubuni. Tunaloliita faili si swali la aya tano linaloanza na "Juma alimuuzia Asha gari". Ni nyaraka kumi au kumi na mbili kama mteja anavyozileta ofisini: barua, stakabadhi isiyosomeka vizuri, mkataba wenye ukurasa mmoja usiosainiwa, ujumbe wa simu uliochapwa, maelezo ya mteja yanayopingana na stakabadhi. Angalau nyaraka mbili zisihusike kabisa, kwa kuwa kuchuja ni nusu ya kazi. Anayetunga aanze na jibu, yaani hati anayotaka itoke, kisha arudi nyuma na kutawanya mambo ya hakika kwenye nyaraka. Akianza na hadithi, faili huwa refu na halina suala.

Kinachoharibu mafaili mengi ni tarehe. Mtunzi anaandika faili mwaka huu, linatumika miaka minne, na kimyakimya shauri linakuwa limepitwa na wakati. Mwanafunzi mwerevu anaandika ukurasa mmoja wa kusema dai limekufa, na mwalimu hana mwongozo wa kumsahihisha. Faili likivuka mpaka hali inakuwa ngumu zaidi. Ukomo wa dai la mkataba ni miaka sita Tanzania Bara, Kenya na Uganda, na wa kudai ardhi ni miaka 12 kote. Lakini dai la madhara nje ya mkataba ni miaka mitatu Tanzania na Kenya, wakati Uganda kwa jumla ni sita, isipokuwa madai ya kuumizwa mwili kwa uzembe, ambayo ni mitatu. Serikali ikiwa mdaiwa, Tanzania inataka notisi ya siku 90 kabla ya shauri. Kwa hiyo kila faili liandikwe kwa tarehe za mfano wa "mwaka wa kwanza, mwezi wa tatu", na ukurasa wa mbele wa mwalimu utaje nchi ambazo linafaa bila kuguswa na nchi ambazo lazima libadilishwe, na wapi. Vikundi sita vya walimu, kila kimoja faili moja: mkutano unamalizika na mafaili sita yenye mwongozo wa alama. Chuo kimoja peke yake kingetumia miaka kuyapata.

Zanzibar tunaitaja pembeni lakini si kwa dharau. Ina Mahakama Kuu yake na sheria zake za mwenendo, na faili la Bara lisipelekwe huko kana kwamba ni nchi moja kwa kila kitu. Rwanda, yenye taasisi yake ya mafunzo ya vitendo Nyanza, tungependa ije, ila mwaka wa kwanza tuanze na hizi tatu zenye shina moja la kanuni.

Mchana wa siku ya pili ni wa Kiswahili, na hapa Tanzania ndiyo yenye haraka zaidi. Marekebisho ya mwaka 2021 ya Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani, Kiingereza kikibaki kwa mazingira maalumu ambayo kanuni za mwaka uliofuata ziliyataja. Kenya na Uganda hati za mashauri zinaendelea kuandikwa kwa Kiingereza, ingawa mashahidi wengi hueleza habari zao kwa Kiswahili au lugha nyingine, na mwanasheria ndiye anayezivusha kwenda Kiingereza. Kwa hiyo wote wana hoja ya kukaa kwenye kikao hiki.

Tunaomba kikao kisigeuke mnada wa istilahi. Kubishana kama aseme "mjibu rufani" au "mrufaniwa" kunaweza kula mchana mzima. Kanuni ya darasani ni nyepesi: chagua moja, litambulishe aya ya kwanza, usilibadilishe hadi saini. Makosa yanayomgharimu mteja yako kwingine kabisa. "Mdai alimweleza mdaiwa kwamba gari lake limekamatwa." Gari la nani? Kiswahili hakisemi, na hati isiyosema inamwachia mpinzani achague. Mwanafunzi afundishwe kurudia jina, "gari la mdai", hata mara tano kwenye aya moja. Urudiaji unaochosha kwenye riwaya ni usalama kwenye hati. Pesa nazo: "shilingi elfu ishirini na tano" inasomeka 25,000, na mtu mbishi anaweza kuisoma 20,005. Tarakimu ziandikwe daima pamoja na maneno, na kwa kiasi cha maelfu namba itangulie neno elfu, "ishirini na tano elfu". Saa ndiyo kichekesho cha kila mwaka. Barua ya Kiingereza inasema 9:00 a.m., mwanafunzi anaandika "saa 9:00 asubuhi", na sharti la mkataba linataja saa ambayo haipo. Kwenye mirathi, "ndugu" haimwambii jaji kitu, wakati lugha imempa mwandishi kaka, dada, binamu, baba mdogo, mjomba na shangazi, kila mmoja na nafasi yake. Halafu ule mnyororo wa "ambaye… ambacho… ambayo" unaotokana na kutafsiri sentensi ya Kiingereza neno kwa neno: ukivuka viwili, kata sentensi.

Kila mwalimu aje na sentensi kumi za namna hii kutoka kwenye karatasi alizosahihisha, zimeondolewa majina. Zikikusanywa zinakuwa mazoezi 450, na nusu yake zitafanana, jambo ambalo lenyewe ni habari.

Tuseme machache kuhusu mashauri yanayotajwa kwenye hati. Programu za akili mnemba zinatunga mashauri yasiyokuwepo, yenye majina na namba za kupendeza. Mwaka 2023 New York mawakili walipigwa faini ya dola 5,000 katika shauri la Mata dhidi ya Avianca kwa kuwasilisha maamuzi ya aina hiyo. Kuwakataza wanafunzi hakusaidii. Kinachosaidia ni kudai, kwa kila shauri linalotajwa, namba ya aya au ukurasa na sentensi moja iliyonakiliwa kutoka kwenye uamuzi wenyewe. Tovuti za maamuzi ya mahakama, TanzLII ya Tanzania, Kenya Law na ULII ya Uganda, ziko wazi bila malipo, kwa hiyo mwanafunzi hana kisingizio. Mwalimu afungue mashauri mawili tu kwa kila karatasi, akiyachagua yeye. Na kifungu cha sheria kitajwe pamoja na mwaka wa toleo, hasa Tanzania ambako Toleo la Marekebisho la 2023 limechukua nafasi ya lile ambalo vitabu vingi vya maktaba zenu bado vinalitaja.

Wa kualikwa kutoka mahakamani si jaji wa kufungua mkutano. Ni msajili au karani wa masjala anayepokea hati kila siku. Yeye ndiye anayejua ni hati zipi zinarudishwa na kwa nini: anwani ya aliyeandaa haipo, ingawa Sheria ya Mawakili inaitaka, faili la kielektroniki limepigwa picha upande, viambatisho vimetajwa A hadi F na vilivyopo vinaishia D. Apewe dakika 40, aje na orodha ya sababu kumi, na aulizwe maswali. Kwa ajili yake tarehe zipangwe nje ya msimu wenye shughuli nyingi mahakamani. Septemba inafaa kwa vyuo vingi vya Tanzania vikiwa likizoni, ila Kenya likizo ya Mahakama Kuu inaishia katikati ya mwezi huo, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo ni bora kuliko za mwisho.

Mahali pawe chuoni, pasiwe hotelini. Arusha ingefaa kuanzia: Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iko pale, na basi la Nairobi kupitia Namanga linafika siku hiyohiyo. Wa Kampala ndiye mwenye safari ndefu, hivyo mkutano wa pili uende kwake, wa tatu Kisumu au Mwanza. Malazi ni mabweni ya wanafunzi wakiwa likizo. Idadi isizidi 50, kwa sababu usahihishaji wa pamoja ukivuka hapo unageuka mhadhara. Walioalikwa wawe wale wanaosahihisha. Tunalisema kwa heshima: mwaliko ukija ofisini kwenu, msimtume mkuu wa idara ambaye mara ya mwisho kusoma rasimu ya mwanafunzi ni miaka mingi iliyopita, eti kwa kuwa ndiye mwenye haki ya safari. Na posho isiwe sababu ya mtu kuja. Nauli, kitanda na chakula vikilipwa, anayependa kazi hii atakuja.

Kwenu tunaomba mambo manne, nayo hayahitaji bajeti mpya. Ruhusa ya siku nne kwa mwalimu mmoja au wawili, mbili za mkutano na mbili za njiani. Kibali cha maandishi cha kutumia karatasi za wanafunzi zilizoondolewa majina, kwa ridhaa yao. Ukubali wenu kwamba mafaili yatakayotungwa ni mali ya vyuo vyote vilivyoshiriki na yatabadilishwa kwa uhuru, kwani chuo kitakachodai hakimiliki ya faili moja kitasimamisha yote. Na la nne, saa za kusahihisha ziingizwe kwenye mzigo wa kazi wa mwalimu. Tunapendekeza kwa kila wanafunzi 50 wanaopewa mazoezi matatu yenye maoni, mwalimu ahesabiwe saa 60. Bado ni chini ya hesabu halisi, ambayo inakaribia 63, lakini tunaweza kuishi nayo. Bila hili la nne mwalimu atarudi na mwongozo mzuri wa alama ambao hana muda wa kuutumia.

Majibu tunayaomba kwa barua, yakitaja jina la mwalimu, somo analofundisha, idadi ya wanafunzi wake na idadi ya hati alizosahihisha muhula uliopita. Chuo kilicho tayari kupokea wengine kitaje pia chumba. Tunahitaji kimoja chenye meza tambarare za watu watano watano, na stoo ya kufungia karatasi usiku. Ukumbi wa mihadhara wenye viti vya ngazi hautufai: mtu hawezi kuweka mbele yake karatasi ya mwanafunzi na mwongozo wa alama kwa wakati mmoja.

Wenu katika kazi,

Walimu wa uandishi wa kisheria